Kabla hujampeleka mzazi mwenye demensia kwenye makao, nenda ukayaone saa kumi na moja jioni

BintiMkubwa_Buruburu (mleta uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Nimesita kwa muda mrefu kuuanzisha uzi huu kwa sababu habari zenyewe ni za nyumbani, na wapo ndugu zangu ambao hawatafurahi kuziona hapa. Hata hivyo, katika miezi miwili iliyopita nimeulizwa na watu watatu, mmoja wao tukiwa kwenye foleni ya benki, mtu aanzie wapi akitafuta hapa Nairobi makao yanayowapokea wazee waliopoteza kumbukumbu, na kila mara nimejikuta nikirudia maneno yale yale. Nayaandika mara moja, mwenye haja ayasome.

Mama yangu ana miaka 81. Aliuza mitumba Gikomba kwa zaidi ya miaka thelathini, na daftari lake lilikuwa kichwani: hakuwahi kuandika deni la mteja, wala sikumbuki deni lililompotea. Ndiyo maana dalili ya kwanza hatukuiona kwenye majina ya wajukuu wala kwenye funguo. Tuliiona kwenye chenji. Siku moja tulipanda matatu kutoka mjini, akampa kondakta noti ya shilingi 1,000, akateremka bila kudai kitu, na nilipomwuliza akanitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

Jambo ambalo wengi huliruka ni hospitali. Si kila mzee anayesahau ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyozembea, huzuni ya muda mrefu, damu iliyovuja chini ya fuvu baada ya kuanguka, hata vidonge vya mafua na mzio vinavyonunuliwa dukani bila karatasi ya daktari, mambo hayo yote yanaweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili, na mengi kati ya hayo yana tiba. Mama alipimwa damu, akapigwa picha ya kichwa, akaombwa achore saa ya ukutani. Aliziandika namba zote kumi na mbili upande mmoja wa duara, kisha akasema karatasi yenyewe ilikuwa mbaya. Daktari alitueleza kwamba ana maradhi mawili kwa pamoja: ugonjwa wa Alzheimer, ambao kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani ndio unaosababisha asilimia 60 hadi 70 ya demensia, na uharibifu wa mishipa ya ubongo ulioletwa na shinikizo la damu la miaka mingi. Alipewa donepezili, na tukaambiwa waziwazi kwamba dawa hiyo humsaidia mtu kwa kiasi na kwa muda, lakini haimrudishi alikotoka.

Tulikaa naye nyumbani miaka mitatu, pamoja na msaidizi wa mchana. Sitaieleza miaka hiyo yote. Mwenye mgonjwa wa namna hii anaijua. Nitataja usiku mmoja tu. Saa tisa alifungua komeo la mlango, akatoka na gauni la kulalia, kikapu mkononi, akatembea kutoka Buruburu akaifuata Jogoo Road hadi karibu na City Stadium, ambapo mlinzi wa kituo cha mafuta alimkalisha kwenye kiti chake na kumfunika koti. Mama alimweleza kwamba anawahi kufungua kibanda kabla ya marobota kufika. Njia aliyoshika ilikuwa sahihi kabisa. Angeachwa angefika Gikomba.

Baada ya hapo ndipo tulipotafuta makao, na ndipo nilipokosea. Nilitembelea matatu, yote asubuhi. Asubuhi kila mahali ni pazuri. Wazee wameoshwa, sakafu inanukia dawa, meneja ana nafasi ya kukuketisha na kukueleza habari za bustani. Tukachagua yale yaliyokuwa na bustani nzuri zaidi. Jina lake silitaji, wala msinitumie ujumbe kuliuliza.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, mkutano wangu wa kazini ulivunjika mapema, nikaamua kupita bila kupiga simu. Niliingia saa kumi na moja na nusu jioni. Wahudumu wa mchana walikuwa wameondoka, wa usiku hawajafika wote, mmoja alikuwa jikoni akisonga ugali, na ukumbini kulikuwa na wazee kumi na tisa mbele ya televisheni iliyofunguliwa sauti ya juu, na msichana mmoja peke yake. Mzee mmoja alikuwa akiutikisa mlango na kumwita mkewe. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kidevu kifuani, mate yakimtoka, blauzi imelowa. Nilimwita mara tatu. Nilipodai kuona karatasi ya dawa niligundua kwamba tangu siku ya tano alikuwa akipewa haloperidoli kila alasiri "ili atulie", na hakuna mtu wa familia aliyeulizwa.

Wenzangu, dawa za aina hiyo si mchezo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi zile za zamani, haloperidoli ikiwemo. Zipo hali ambazo daktari anaweza kulazimika kuitumia, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, mgonjwa anapokuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Upungufu wa wahudumu jioni si mojawapo ya hali hizo.

Kwa nini nasisitiza jioni? Kwa sababu jioni ndipo ugonjwa huu unapoonyesha meno. Saa ya ndani ya mwili imeharibika pamoja na ubongo, mtu amechoka, mwanga unapungua na vivuli vinamchanganya, na kelele za zamu kubadilishana zinamtia wasiwasi. Tena fikirini: maisha yake yote, jioni ilikuwa saa ya kufunga kazi na kurudi nyumbani. Anapoanza kusema "nirudisheni kwangu", si ukaidi. Makao yanayojua kazi yake huweka watu wengi zaidi saa hiyo, huwasha taa kabla giza halijaingia, hutoa chai au uji mapema, huzima televisheni. Yasiyojua hutoa kidonge.

Tulimhamisha baada ya siku nne. Alipo sasa kuna wazee tisa, nyumba ni ya kawaida, rangi ya ukuta imebambuka upande wa jikoni, na bustani ni miti miwili ya maparachichi. Nilikwenda kuona mara tatu kabla ya kulipa, mara mbili jioni na mara moja saa mbili usiku. Niliuliza ni wangapi wanaolala macho, si wanaolala tu. Niliuliza nani anagawa dawa, nikaonyeshwa muuguzi na leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Niliuliza kama yupo mhudumu anayejua Kikamba, kwa sababu mama, ambaye amezungumza Kiswahili Nairobi kwa zaidi ya miaka hamsini, sasa huomba maji kwa lugha ya utotoni, na kule kwa kwanza aliyaomba akaletewa blanketi. Hapa yupo mama mmoja wa Machakos.

Mama huyo ndiye aliyenifundisha jambo ambalo hakuna kijitabu kilichonifundisha. Ikikaribia saa kumi na moja, mama yangu huanza kukunja kila kitu kilicho karibu, mapazia yakiwemo, kwa sababu ni saa ya kufunga kibanda. Kule kwa kwanza walimnyang'anya. Hapa huletewa beseni la nguo kuukuu, na yule mhudumu huketi mbele yake, huchagua shati, huligeuza kola, kisha huuliza: "Mama, hili utaniachia kwa ngapi?" Hubishana bei nusu saa nzima. Siku nyingi jua huzama mama akiwa bado anakataa kupunguza.

KifunguaMimba_Umoja

Dada, pole kwa yaliyokupata, na nakushukuru kwa kusema bila kuficha. Lakini niruhusu nipinge jambo moja. Mimi ni kifungua mimba, baba yangu ana hali hiyo hiyo mwaka wa pili sasa, na yuko nyumbani kwangu Umoja. Kwetu mzazi hapelekwi kwa watu. Alinibeba, nami nambeba. Naona tunaiga mambo ya Ulaya, ambako mzee akichoka anawekwa mahali na kutembelewa Krismasi. Je, hizo pesa unazolipa huko zisingetosha kuajiri wasaidizi wawili nyumbani?

BintiMkubwa_Buruburu

Kaka, situkanwi na swali lako, maana nimejiuliza mwenyewe usiku mwingi. Wasaidizi wawili tulijaribu. Wa kwanza aliondoka baada ya mama kumshtaki kwa majirani kwamba amemwibia marobota, wa pili alivumilia miezi minne. Tunalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, nepi za watu wazima na dawa kando. Tuko wanne, kila mmoja hutuma sehemu yake kwa M-Pesa kabla ya tarehe tano, na mmoja wetu huchelewa kila mwezi, naye anajijua. Bima ya afya ya Serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, tumeitumia hospitalini. Ada ya makao inatoka mifukoni mwetu.

Siwezi kumwambia mtu kwamba makao ni bora kuliko nyumbani. Kwa mwenye nyumba yenye watu na nafasi, nyumbani ni bora kwa miaka mingi. Nitakuuliza jambo moja tu, nawe usinijibu mimi. Baba akiamka usiku, ni nani anayeamka naye?

MuuguziZamuYaUsiku

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka ishirini na mitatu, sita kati ya hiyo katika nyumba za wazee, na mara nyingi usiku. Mleta uzi ameeleza vizuri, naongeza machache.

Kwanza, mgonjwa wa demensia akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, akawa mkali au akalala mno, usikubali kuambiwa "ni ugonjwa wake unaendelea". Demensia haikimbii hivyo. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, choo kigumu, upungufu wa maji, au maumivu ambayo hawezi kuyataja. Nimewahi kumpokea bibi aliyekuwa akipiga watu wiki nzima. Meno ya bandia yalikuwa yamemchubua ufizi. Hakuna aliyekuwa amemfungua mdomo.

Pili, ulizeni kuhusu uzito. Makao mazuri humpima mzee kila mwezi na kuandika. Wagonjwa hawa husahau kula, husahau kwamba wamekula, na ugonjwa ukiendelea husahau hata namna ya kumeza, chakula kikaingia njia ya hewa. Nimonia ya namna hiyo huwaua wengi wao. Kwa hiyo angalieni anavyolishwa: ameketi wima, kijiko kidogo, mhudumu ameketi naye, hasimami juu yake huku akitazama simu.

Tatu, tazameni viganja na vifundo vya mikono. Alama za leso au shuka iliyofungwa kwenye kiti huonekana. Kumfunga mzee ili asianguke humwongezea hofu, misuli hulegea, na siku atakapofunguliwa ataanguka vibaya zaidi. Mwombeni pia mhudumu amgeuze mgonjwa asiyeweza kujigeuza mkiwapo, mwone visigino na mfupa wa juu ya makalio. Kidonda cha kulala sana huanza kama wekundu tu, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo gusa: palipo na joto au ugumu kuliko pembeni, hapo pana tatizo.

Kuhusu jioni, ni kweli. Lakini njooni na saa kumi alfajiri pia mkiweza.

KifunguaMimba_Umoja

Nimemwuliza mke wangu swali la dada hapo juu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba baba huamka mara nne, na kwamba tangu Januari amekuwa akilala na nguo za mchana. Mimi nilikuwa nikijua mara moja. Sijabadilisha msimamo wangu kuhusu makao, ila tumekubaliana leo kwamba Ijumaa na Jumamosi usiku ni zamu yangu, na mdogo wangu wa Kitengela ataambiwa achukue Jumapili.

Wakili_wa_Mtaani

Naomba kuongeza upande wa sheria, kwa sababu familia nyingi huja ofisini zikiwa zimechelewa. Mzazi akiwa bado anaelewa, akae na watoto wake aseme anataka nini, aandike wosia, na mambo ya hati za shamba na akaunti yapangwe. Hati ya uwakili aliyoitia sahihi akiwa na akili timamu haiwi tena na nguvu akishapoteza uwezo wa kuamua. Watu wengi hawalijui hili, wanaendelea kuitumia benki hadi mmoja wa ndugu analalamika. Akifika hapo, njia ni mahakama, ambayo chini ya Sheria ya Afya ya Akili inaweza kumteua mtu wa kumlea na kusimamia mali yake. Ni kazi ya miezi, na inahitaji ripoti ya daktari.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa familia na kwa Serikali. Inawataja wote wawili. Makao yakimfungia mzazi wako au kumpa dawa bila idhini, usimhamishe tu kimyakimya kama alivyofanya mleta uzi, ambaye ninamwelewa. Piga picha karatasi za dawa, andika tarehe na majina, uandike barua.

BintiMkubwa_Buruburu

Wakili, umenigusa penye kidonda. Barua sikuandika. Nilikuwa na haraka ya kumtoa, na nikaogopa kwamba nikigombana nao watamwonea katika siku nne alizobaki. Karatasi za dawa ninazo.

Nyota_wa_Kayole

Nauliza kwa heshima. Hizo shilingi 70,000 kwetu sisi ni kodi ya nyumba ya mwaka mzima. Bibi yangu anapokea Inua Jamii, zile pesa za Serikali za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, basi. Mimi naishi naye chumba kimoja na nafanya kazi ya kufua. Nikitoka humfungia kwa nje. Najua ni vibaya. Nifanye nini?

BintiMkubwa_Buruburu

Mdogo wangu, hakuna atakayekuhukumu hapa, na atakaye nitamjibu mimi.

Yapo makao ya wazee wasio na uwezo: Nyumba ya Wazee ya masista kule Kasarani, na Mji wa Huruma kule Runda, ambayo ni ya kaunti. Ni makao ya wazee kwa jumla, hayakujengwa mahsusi kwa ugonjwa huu, na nafasi si nyingi, lakini nenda ukaulize ana kwa ana, na upitie kwa afisa wa huduma za jamii wa eneo lako ili uwe na barua. Lipo pia shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya hapa Nairobi, ambalo huwakutanisha watunzaji. Mimi niliingia kikao chao nikidhani nitapewa mafunzo, nikakuta watu wanaocheka mambo ambayo kwangu nilikuwa nikiyalilia.

Kwa sasa hivi, kufuli la nje liache kabla ya lolote lingine, kwa sababu ya moto. Mtafute jirani mmoja, mama mwenye kibanda cha mboga au mzee wa plot, umweleze ukweli wote: kwamba bibi ni mgonjwa, si mchawi wala mlevi, na akitoka amketishe. Mshonee ndani ya gauni kitambaa chenye jina lako na namba ya simu. Jiko na mafuta ya taa yahame. Kazi ya kufua, kama mteja mmoja au wawili watakubali kukuletea nguo badala ya wewe kuzifuata, omba. Kisha mpe bibi soksi azipange.

MsomajiTu

Swali fupi kuhusu lango. Wanaosema mgonjwa asifungiwe na wanaosema afungiwe, nani ana haki? Nilisoma kuhusu kile kijiji cha Uholanzi, Hogeweyk, pale Weesp, kilichofunguliwa 2009, ambako wagonjwa wanatembea barabarani na kwenda dukani wenyewe.

MuuguziZamuYaUsiku

Hata Hogeweyk ina mlango mmoja wa kutokea, na una mtu. Tofauti ni kwamba mgonjwa anatembea muda mrefu kabla ya kuufikia. Hapa kwetu lango lazima lifungwe. Nje kuna barabara na bodaboda. Ukienda kuona makao, usiulize kama lango linafungwa. Tazama kama ndani kuna njia ya kuzunguka inayomrudisha mtu alikoanzia bila kukutana na ukuta, na kama kuna benchi njiani. Anayetaka kutembea hutembea. Ukimzuia kiganjani, mtapigana. Ukitembea naye, baada ya mzunguko wa tatu atakuambia mwenyewe kwamba amechoka.

BintiMkubwa_Buruburu

Nafunga kwa upande wangu, wengine mwendelee. Nilikuwa kwa mama jana, Alhamisi, saa kumi na moja. Hakunitambua kama bintiye, alinitambua kama mteja, jambo ambalo mwaka jana lingenitoa machozi. Nilichagua sweta la kijani lenye tundu kwenye kiwiko. Alisema 50. Nikasema 30. Alilichukua sweta, akalirudisha kwenye beseni, akatazama pembeni, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mtoto nikiomba soda. Nikatoa noti ya 50. Aliinyoosha kwenye goti, akaitazama kwenye mwanga wa taa, akaitia kifuani na kunikabidhi sweta.

Nilipokuwa naondoka yule mama wa Machakos alininong'oneza kwamba nisiidai hiyo noti, wala nisiisahau. Hurudi Jumamosi, siku ya kufua.